Jike wa kilo 16 amefungwa kizazi jana: mshono, kulamba, chakula na ulinzi wa usiku

Jirani_wa_Gungu (Kigoma)

Habarini wakuu. Mbwa jike wa kienyeji, miaka miwili, kilo 16, amefungwa kizazi jana mchana hapa Kigoma mjini. Mshono uko chini ya kitovu, nyuzi za nje ni nyeusi. Amechomwa sindano ya maumivu na ya antibayotiki, kutoa nyuzi ni siku ya 12. Usiku alikuwa anatetemeka na alitapika mara moja. Leo asubuhi amesimama ila anayumba, na akipata nafasi anageuka kulamba.

Naomba mwongozo kwa haya. Kola ya plastiki haikupatikana, nimzuieje kulamba? Ale nini? Jirani anashauri mshono upakwe mawese ukauke haraka, ni sawa? Na huyu ndiye mlinzi wa nyumba, usiku huwa anafunguliwa. Akae ndani siku ngapi?

Dkt_Mifugo_Mwanga

Pole na kazi, mkuu. Shika kwanza jambo moja, mengine yote yanatokana nalo. Mshono unaouona ni wa ngozi. Chini yake kuna mshono mwingine kwenye ukuta wa tumbo, na huo ndio unaozuia utumbo usitoke nje. Ngozi hushikana ndani ya siku 10 hadi 14. Ukuta wa tumbo ni mzito zaidi kupona, unaendelea kukaza wiki kadhaa baada ya ngozi kuonekana nzima. Sasa mbwa kuanzia siku ya tatu au ya nne maumivu yanapungua, anaanza kurukaruka, mwenyewe anamwonea huruma anamfungulia. Fundo la ndani linaachia wakati ngozi ya juu bado iko safi kabisa. Kwa hiyo siku za kuwa mkali ni hizo anazoonekana amepona.

Kutetemeka, kutapika mara moja na kuyumba ni kazi ya dawa ya usingizi. Zailazini na ketamini, ambazo zinatumika sana huku kwetu, zinafanya hivyo: zailazini inatapisha na kushusha joto la mwili, ketamini inaacha macho wazi na kichwa kinayumba kama anasinzia. Hali hiyo inaweza kuchukua hadi saa 24. Ndani ya muda huo asikae karibu na ngazi, jiko la mkaa wala beseni la maji, maana mbwa mlevi wa dawa anaweza kuinamisha pua kwenye maji akashindwa kuiinua. Akiwa amelala tu bila kugeuka, mgeuze ubavu kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Kama saa hizo 24 zikipita bado hawezi kusimama vizuri, mpigie aliyempasua.

Asubuhi na jioni mkague, tena mahali penye mwanga. Anza na fizi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi, hapo huoni kitu. Vuta kope la chini utazame nyama ya ndani. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mbwa amelegea, miguu baridi, tumbo linajaa, hiyo ni damu inavuja ndani. Usisubiri asubuhi. Mfunge kanga tumboni, ibane kiasi tu bila kumkosesha pumzi, muondoke muda huohuo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi siku ya kwanza na ya pili.

Joto la mbwa si kama letu. Kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha: paka mafuta ya mgando, ingiza ncha kama sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Kikishakuwa cha mbwa kiwe cha mbwa. Ikizidi 39.5 na hataki kula, toa taarifa.

Sasa dawa, na hapa naomba watu wasome mara mbili. Usimpe Panadol, Brufen (ibuprofeni), Diclopar (yenye diklofenaki) wala dawa yoyote ya maumivu iliyobaki ndani ya nyumba. Ibuprofeni na diklofenaki zinaondoa kinga ya utando wa tumbo la mbwa na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Dalili ni kutapika damu na choo cheusi kama lami. Panadol inaharibu ini, na ikizidi inafanya damu ishindwe kubeba hewa. Dawa inayofaa ni kama meloksikamu, na kipimo chake ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya kula. Kwa kilo 16 ni miligramu 1.6. Kidonge cha binadamu ni 7.5, zaidi ya mara nne ya hapo, ndiyo maana habahatishi mtu. Muulize daktari sindano ya jana ilikuwa dawa gani kabla hujaongeza nyingine, na deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) isichanganywe kabisa na dawa hizi.

Bi_Nuru_Ujiji

Mwanangu, mawese yabaki jikoni. Mshono uliofungwa vizuri hauhitaji kupakwa kitu. Unahitaji ukavu. Mafuta yanalainisha ngozi pale inapotakiwa ishikane, yananasa vumbi, yanaita sisimizi, na mbwa anayapenda, kwa hiyo umemwekea sababu ya kulamba. Kwenye chakula vilevile usiyatie wiki hii, tumbo lililotoka kwenye dawa likipewa mafuta mengi linaharisha.

Leo mpe robo ya chakula anachokula siku zote. Kikikaa saa mbili bila kutapika, ongeza robo nyingine jioni. Kesho nusu mara mbili, keshokutwa arudi kawaida. Maji nayo kidogokidogo leo, nusu kikombe kila baada ya nusu saa, maana akiachiwa bakuli zima anakunywa kwa pupa na kurudisha yote. Chakula kiwe chepesi: wali laini au uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa waliosagwa. Dagaa wa kukaushwa wana mchanga na wengine wana chumvi, waloweke nusu saa, mwaga maji, osha mara mbili, ndipo uchemshe. Ukipata samaki mbichi, chambua miiba yote. Usiweke kitunguu, hata mabaki ya mchuzi uliokaangiwa kitunguu, kwa sababu kinavunja chembe nyekundu za damu na huyu ametoka kupoteza damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana.

Asipopata choo kikubwa siku mbili tatu usishtuke, alifungishwa kula kabla ya kupasuliwa. Mkojo ndio wa kuangalia. Apite siku nzima hajakojoa, au anachuchumaa anakamua hakitoki kitu, rudi kwa daktari.

Pa kulala: shuka kuukuu au kanga mbili juu ya mkeka. Usimlaze kwenye maranda ya mbao wala majani makavu, yanaingia katikati ya nyuzi. Kiroba cha plastiki hakifai, kinateleza na akijaribu kuinuka miguu inatawanyika, tumbo linavutika. Badilisha kila siku. Na hizo shuka zikifuliwa zipigwe pasi pande zote mbili, hata kama ni za mbwa. Kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga. Buu lake linatoboa ngozi na kukaa ndani kama jipu. Mbwa aliyelala juu ya nguo ya namna hiyo utamkuta na vijipu tumboni kuzunguka mshono, utadhani nyuzi zimeoza.

Mfugaji_Ipuli (Tabora)

Nachangia kuhusu kola. Ndoo ya plastiki inafanya kazi sawasawa na ya dukani. Kwa kilo 16 chukua ya lita 10, isiwe iliyowekwa rangi au dawa ya shamba. Pima shingo kwa kamba, ongeza nafasi ya vidole viwili vikilala, chora duara la ukubwa huo kwenye kitako cha ndoo, kata kwa kisu kilichopashwa moto. Ukingo wa tundu unakata kama wembe. Chukua tyubu ya baiskeli, ipasue kwa urefu, ivishe ukingo mzima, ishone au ibane kwa waya uliofichwa upande wa nje. Toboa matundu manne kuzunguka kitako, pitisha kamba, unganisha na mkanda wa shingoni. Mdomo wa ndoo upite pua kwa vidole vitatu. Watu wengi wanakosea hapo: wanaikata fupi ili mbwa aone vizuri, na ulimi unafika. Mwekee chakula kwenye bakuli dogo lililoinuliwa juu ya tofali ili ndoo iingie kote. Asipofanikiwa kula, mvue ale ukiwa umesimama hapo, kisha mrudishie kabla hujaondoka.

Fulana nayo ni nzuri kwa mshono wa tumboni. Kichwa kwenye shingo ya fulana, miguu ya mbele kwenye mikono, kisha kusanya pindo juu ya mgongo ufunge fundo, ukiacha nyuma wazi akojoe bila kuilowesha. Ikilowa inavuliwa palepale. Mimi naona fulana peke yake haitoshi usiku, maana mbwa analamba juu ya kitambaa, kitambaa kinakuwa chapachapa, na ngozi inayeyuka chini yake bila wewe kuona. Mchana fulana, usiku ndoo.

Huku Tabora badala ya mawese watu wanakimbilia asali. Asali ina kazi yake kwenye kidonda kilicho wazi, kikifunikwa bandeji safi. Kwenye mshono uliofungwa haina kazi. Utamu ule ni mwaliko kwa ulimi, sisimizi na nyuki.

Kijana_Katubuka

Wakuu, ile dawa ya bluu ya kupulizia si inatosha? Inafukuza nzi na kukausha.

Dkt_Mifugo_Mwanga

Kijana wangu, ile ya bluu ina ubaya mmoja: inaficha. Unachotafuta kila asubuhi ni wekundu, uvimbe na majimaji, sasa ngozi yote ikiwa bluu utaona nini? Kwa mshono uliofunga, iache kabatini.

Kama kuna damu kavu au vumbi, safisha hivi. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, yapoe. Lowesha kipande cha shashi, gusagusa, usisugue, halafu kausha kwa kipande kingine. Mara moja kwa siku, na siku ambayo pako safi usiguse kabisa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hapana, zinaua chembe changa zinazoziba jeraha pamoja na hivyo vijidudu. Ayodini ukiitumia iwe imezimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi.

Nzi wanazuiliwa kwa mahali pa kukaa. Chumba kimoja, dirisha limefungwa kipande cha chandarua kilichochakaa, mkojo unafutwa mara moja. Nzi wa kijani wakitaga kwenye mshono uliolowa, mabuu yanaonekana ndani ya siku moja.

Kuhusu ulinzi: si chini ya wiki mbili kamili alale ndani, tena chumba cha nyuma asikosikia kila bodaboda inayopita. Ukimfunga mnyororo uani, kila akisikia kitu anajirusha mpaka mnyororo unamkata kasi, na nguvu yote inaishia tumboni. Kutoka nje ni kwa kamba fupi, dakika tano, haja kisha ndani. Ngazi, kochi na ukuta wa kuruka marufuku. Ukimbeba, mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, usimshike tumboni. Mkirudi kwa daktari, bajaji ni bora kuliko bodaboda.

Kama kuna mbwa mwingine nyumbani watenganishe, wanalambana. Madume wa mtaani nao wakae mbali wiki tatu. Jike aliyepasuliwa akiwa kwenye joto anaendelea kunukia siku kadhaa, na akipandwa kabla hajapona ndani, kile kisiki cha kizazi kilichofungwa (kipande kinachobaki baada ya kizazi kukatwa) kinaweza kupasuka.

Jirani_wa_Gungu (Kigoma)

Asanteni sana wakuu. Ndoo imekubali. Leo ni siku ya tano, anakula vizuri, joto 38.8. Ila chini ya mshono pametuna, ukubwa kama limau, laini, halii nikigusa. Mshono wenyewe mkavu. Nitoboe kwa sindano nitoe maji?

Dkt_Mifugo_Mwanga

Usitoboe. Kwa maelezo yako inafanana na majimaji yaliyokusanyika kati ya ngozi na misuli, pale ambapo daktari alitenganisha tabaka ili afike ndani. Hutokea zaidi kwa mbwa anayetembea sana. Ukichoma sindano unaingiza vijidudu kwenye maji yaliyokuwa safi, na yatajaa tena kesho. Mpunguzie kutembea, weka kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi mara mbili kwa siku juu ya fulana kavu, na upime kwa jicho kila siku. Mwili unayanyonya wenyewe ndani ya wiki mbili tatu.

Lakini kuna uvimbe mwingine wa kutofautisha nao, na kwa simu siwezi kukuhakikishia. Mlaze chali taratibu, mtu mwingine akishika kichwa, bonyeza uvimbe kwa upole kwa vidole viwili. Ukirudi ndani na vidole vyako vikahisi tundu lenye kingo, ukuta wa tumbo umeachia na nyama ya ndani imeshuka chini ya ngozi. Huyo arudi mezani leo, hata kama anakula na kutikisa mkia. Uvimbe wenye moto, mwekundu, unaouma, na mbwa kakataa chakula, huo ni usaha. Majimaji ya kawaida hayarudi ndani. Yanachezacheza tu chini ya vidole kisha yanabaki palepale. Hata ukiona ni maji, mtumie daktari wako picha leo.

Na kwa wengine wanaosoma: mshono ukifunguka kabisa utumbo ukaonekana, usiurudishe kwa mkono na usimpe chakula wala maji. Lowesha kitambaa safi kwa yale maji ya chumvi, funika, zungushia kanga mwili mzima isidondoke, mvike kola asiutafune, mkimbize. Kitambaa kikikauka njiani kiloweshe tena. Utumbo uliokauka au kutafunwa ndio unaoua, kuliko huko kutoka kwenyewe.

Urambo_Vet

Naongeza la kupe kwa sababu halijaguswa, na kanda hii kupe ni wengi. Kupe wa mbwa anaambukiza ugonjwa unaopunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa wa namna hiyo anaweza kupasuliwa vizuri kabisa, kisha mshono ukaendelea kuvuja tone kwa tone siku ya pili na ya tatu, madoa mekundu yakatokea tumboni mbali na mshono, au pua ikatoa damu. Ukiona hivyo mwambie daktari achukue damu apime, usihangaike kubana mshono tu. Michubuko ya zambarau iliyo pembeni ya mshono peke yake haina shida, inafifia ndani ya wiki.

Kupe waliopo watoe kwa kibanio, mmoja mmoja, ukimshika karibu na ngozi. Usimwogeshe dawa ya ng'ombe ya amitrazi. Mbali na kulowesha mshono, amitrazi inafanya kazi mwilini kwa njia inayofanana na ile zailazini aliyolazwa nayo: inapunguza mapigo ya moyo, inashusha joto, na akiilamba analegea upya. Kuoga kwa aina yoyote kusubiri hadi siku mbili baada ya nyuzi kutoka.

Siku ya kutoa nyuzi, mkuu, mpeleke. Ikitokea daktari yuko mbali akakuelekeza ufanye mwenyewe, hakikisha kingo zimeshikana mwanzo hadi mwisho, hakuna unyevu wala tundu. Osha mikono, chemsha mkasi mdogo wenye ncha dakika kumi. Inua fundo kwa kibanio, utaona nyuzi mbili zinaingia kwenye ngozi; kata mmoja tu, chini ya fundo, karibu kabisa na ngozi, kisha vuta fundo kuelekea upande wa pili wa mshono. Ukikata zote mbili, kipande kinabaki ndani na kutengeneza jipu baadaye. Anza na uzi wa katikati. Kingo zikiachana hata kidogo, simama, zilizobaki ziache siku tatu nne zaidi.

Jirani_wa_Gungu (Kigoma)

Nimembonyeza kama ulivyoelekeza daktari, hakirudi ndani na hakuna tundu. Picha nimetuma, naye amesema ni maji, tusubiri. Baada ya nyuzi kutoka naweza kumrudisha kazini usiku huohuo?

Dkt_Mifugo_Mwanga

Bado. Wiki moja nyingine ya kamba, dakika kumi, kisha kumi na tano. Wiki inayofuata mfungue mchana uani akiwa peke yake, na kama hapatuni tena, usiku ndipo arudi zamu. Siku ya kutoa nyuzi ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa kama mwaka umepita tangu ya mwisho, safari iwe moja.

Bi_Nuru_Ujiji

Na akishapona punguza ugali. Jike aliyefungwa kizazi anatumia chakula kidogo kuliko mwanzo huku hamu inaongezeka. Kama alikuwa anakula bakuli nne ndogo kwa siku, mpe tatu, uongeze dagaa kidogo badala ya unga. Mpapase mbavu kila mwezi: uzihisi kwa vidole bila kubonyeza sana, na usizione kwa macho.